Mistari ya Salfa

Mheshimiwa hakukubali kuitwa mwanasiasa. "Mimi ni ntu wa npira," alikuwa akisema, "udiwani nimeuokota njiani." Alisema hivyo hata kwenye baraza la madiwani, mbele ya mkuu wa wilaya, na kila aliposema watu walicheka. Naye aliwangoja wamalize kucheka ndipo aombe alichokijia, ambacho mara nyingi kilikuwa nyavu za magoli. Nilifanya naye kazi miaka mingi, na mpaka leo sijaamua kama alikuwa mwanasiasa hodari aliyejifanya mtu wa mpira, au alikuwa anasema kweli tupu.

Mimi nilikuwa afisa kilimo wa kata yake, nimepangiwa huko nikitokea Njombe. Huku Newala watu hawana muda na vyeo virefu. Mwanamume wa kazi yangu anaitwa Bwana Shamba, basi mimi nikaitwa Bibi Shamba, na Mheshimiwa ndiye aliyelitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, kutoka ng'ambo ya barabara, kabla hata sijapata ndoo yangu ya kwanza ya maji. Nyumba niliyopanga ilitazamana na ya kwake. Siku ya kwanza alikuja kunisalimia akiwa amevaa suruali ya suti na jezi ya timu ya Uingereza.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Huko kwenu Njombe mnacheza npira?"

"Tunacheza."

"Kwenye baridi ile?"

"Ndiyo maana tunakimbia sana."

Akanitazama vizuri, akacheka. "Basi wewe utakaa," akasema, na kweli nilikaa.

Majina ya wapiga kura wake aliyasahau hovyo, jambo baya kwa diwani, lakini namba za jezi hakusahau hata moja. Mtu mzima mwenye wajukuu angemsimamisha sokoni kumweleza shida ya kisima, naye angemsikiliza kwa heshima zote, kisha angenigeukia na kuninong'oneza, "Huyu alikuwa namba nane. Mguu wa kushoto, hatari." Mtendaji wa kata, Mheshimiwa alimwita kipa wetu kwa sababu lawama zote zilimfikia yeye. Mwalimu mkuu alikuwa winga, kwa kuwa hakuonekana katikati ya kazi. Mimi baadaye aliniita refa wa Ulaya, na hilo halikuwa la kunisifu, kama nitakavyoeleza.

Kwanza uwanja. Kata yetu haikuwa na uwanja. Vijana walicheza barabarani, wakitimuliwa na malori ya korosho. Mheshimiwa, kabla hajawa mheshimiwa wa mtu yeyote, alikuwa na shamba zuri la mikorosho pande zote mbili za ghala la ushirika. Akakata upande mmoja wote. Kwa asiyetoka huku nieleze kidogo: mkorosho uliokomaa ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, ndio mahari na matanga. Mtu anaweza kuuza baiskeli yake, akauza hata kitanda, lakini kukata mikorosho inayozaa ni jambo ambalo watu wakilisimulia hushusha sauti. Yeye alikata, akang'oa visiki, akasawazisha, akasimamisha magoli ya miti. Mkewe, Mama Zuhura, alimpikia msimu mzima na kumtengea chakula bila kumsemesha. Mheshimiwa alinisimulia kisa hicho akivunjika mbavu. Mama Zuhura alikuwepo pale, akichambua kisamvu, na hakucheka hata kidogo.

Sasa, uwanja ulio tambarare, mgumu, usio na kivuli, tena uko jirani na ghala, katika kijiji cha korosho hauwezi kuachwa kwa mpira peke yake. Msimu ulipofika watu walikuja kuanika. Mheshimiwa angeweza kuwafukuza, ilikuwa ardhi yake, lakini alikaa nao wakakubaliana. Kuanzia asubuhi uwanja ni wa korosho. Ikifika alasiri kila mtu anazoa zake, na uwanja unakuwa wa mpira. Na kwa kuwa hakuna anayezoa zote, ukazaliwa utaratibu ambao sijauona kwingine kokote: kuokota uwanja. Kabla ya mechi timu zote mbili zilijipanga goli hadi goli, zikainama, zikatembea polepole zikiokota korosho zilizobaki, kwa sababu korosho moja chini ya mguu mtupu inatosha kumlaza mtu wiki nzima. Wageni kutoka Masasi mjini walicheka mara ya kwanza, kisha waliinama na wenzao. Zilizookotwa zilikuwa za kipa wa timu iliyofungwa, ili asirudi kwao mikono mitupu.

Kwa waamuzi alikuwa na mdomo usio na breki. Aliingia uwanjani na mwavuli wake kubishana, mechi ikasimama, watu wakakaa chini kusikiliza kwa kuwa walijua itachukua muda. Mechi ikiisha alimchukua mwamuzi yule yule hadi nyumbani kwake, akamlisha ugali wa muhogo na kuku, wakaendelea kubishana hadi mgeni akaomba ruhusa ya kuondoka. Hakumwekea mwamuzi kinyongo, ila hakumwachia hoja hata moja.

Adui yake mkubwa alikuwa sheria ya kuotea. Alishikilia kuwa ililetwa na watu wa Ulaya kuwapunguzia kazi mabeki wavivu. "Beki anainua nkono tu, kamaliza kazi," alisema. "Kwetu ntu akiinua nkono ujue anaaga." Mwaka mmoja alitangaza kwamba kwenye kombe lake la kata kuotea hakupo. Timu ya Lulindi, ambayo kocha wake alikuwa mwalimu na msomaji wa kanuni, ikagoma kuteremka kwenye gari. Walijadiliana kando ya gari mpaka jua likapungua, kisha wakaelewana: kipindi cha kwanza bila kuotea, cha pili na kuotea. Kipindi cha kwanza washambuliaji wa pande zote mbili walihamia golini kwa wenzao wakasimama pale wanaongea na makipa. Mabao yaliingia mpaka mwamuzi akapoteza hesabu, ikabidi waanze upya cha pili kwa sare. Mheshimiwa alisema hiyo ndiyo mechi bora kuliko zote alizowahi kuona, na watu wengi, nikiwemo mimi, tulikubaliana naye.

Lakini Jumamosi na Jumapili mtu huyu huyu hukumpata kwa shida yoyote ya kiserikali. Alikuwa kwenye kibanda cha video, benchi la mbele, akitazama ligi ya Uingereza kwa kimya cha msikitini. Timu yake ikifungwa hakula. Nilimwuliza waziwazi inakuwaje anawapenda watu wa Ulaya wikiendi na kuwatukana siku za kazi.

"Npira wao naupenda," akajibu. "Sheria zao ndizo sizitaki."

"Mheshimiwa, mpira bila sheria ni watu wanakimbia tu."

"Bibi Shamba, usinifundishe korosho na npira siku moja."

Hapo ndipo penyewe, maana korosho na mpira vilikuja kwetu siku moja, na aliyevileta ni mimi.

Ushirika ulipata mnunuzi wa Ulaya aliyetaka kununua moja kwa moja korosho safi, kwa bei ambayo mnadani tusingeiota. Alikuja na masharti ya huko kwao. Korosho zisianikwe chini ila kwenye vichanja vilivyoinuliwa. Pawe na ua wa kuzuia mbuzi, kuku na watu wanaopita. Anayeingia anawe mikono, avue viatu. Magunia yawe mapya. Na kisikutwe kitu chochote juu ya korosho, dawa wala uchafu. Kazi yangu ikawa kuyafundisha masharti hayo kijiji kwa kijiji, na kazi ya Mheshimiwa ikawa kunifuata nyuma akiyabomoa.

Alikuwa hodari, lazima niseme. Alisimama mkutanoni akauliza, "Ulaya jua wanaliona kwa msimu. Ntu ambaye jua analiona kwa msimu atatufundisha sisi kuanika?" Watu hoi. "Babu zetu wameanika chini, korosho zimekwenda huko huko Ulaya, zimeliwa, hajafa ntu. Leo mbuzi wetu wamekuwa wachafu?" Watu hoi tena. Mimi nilikuwa mbele na kichanja changu cha mfano nilichokihangaikia siku nzima, nimechukia hadi masikio yananiwaka. Nilisema babu zetu hao hao waliuza kwa bei waliyopangiwa na wengine, na kama anataka tuendelee hivyo aseme. Hakucheka mtu. Yeye tu ndiye aliyetabasamu, kwa kuwa alipenda kukabwa vizuri.

Nilidhani ni ubishi wake wa kawaida mpaka asubuhi moja alipovuka barabara akiwa hana mwavuli wala jezi, amevaa shati jeupe kama anakwenda msibani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Bibi Shamba, wewe unautaka uwanja wangu?"

"Siutaki uwanja. Nataka vichanja."

"Vichanja vitakaa hewani?"

Kamati ya ushirika ilikuwa imekwisha kunong'ona kwamba eneo pekee la tambarare karibu na ghala ni uwanja, na ukishauzungushia ua na kujaza vichanja, mpira kwaheri. Mheshimiwa alilisikia kabla yangu. Alikaa kwenye ngazi yangu akaniambia kwa sauti ya chini, bila utani, kwamba alipokata mikorosho ile mkewe hakumsamehe, na kwamba kama uwanja utageuzwa jukwaa la korosho, atakuwa amekata mikorosho ya Mama Zuhura kwa ajili ya kuanikia korosho za watu. Nilimwonea huruma sana asubuhi ile, ingawa nilikuwa bado nimemchukia kwa ajili ya mkutano.

Nikamtetea kwa mnunuzi. Kwa msimu mmoja wa majaribio alikubali tuanike juu ya turubai safi pale pale uwanjani, kukiwa na mlinzi wa kufukuza mbuzi, huku tukitafuta eneo jingine. Mheshimiwa aliposikia alinipigia saluti katikati ya barabara. Wakulima walileta korosho zao bora, zilizochaguliwa moja moja na wanawake vibarazani. Sijawahi kuona kata ikijitahidi namna ile.

Fainali ya kombe lake iliangukia msimu huo huo. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa wilaya, na Makote, wapinzani wetu, walikuwa wanakuja na ngoma zao. Mheshimiwa alitaka mistari. Kwa kawaida mistari yetu ilichorwa kwa majivu, ikafutika kabla ya mapumziko, lakini siku hiyo alitaka mistari ya kwenye televisheni. Chokaa haikupatikana madukani. Kwenye stoo yake kulikuwa na salfa.

Salfa ni unga wa njano tunaopulizia mikorosho katikati ya mwaka maua yanapotoka, ili ukungu usiyaunguze. Miezi hiyo kata nzima ni njano: nguo, nywele, mashuka, hata chai ina harufu yake. Mtoto wa huku anaijua salfa kabla hajaijua sukari. Ndiyo maana alfajiri ile Mheshimiwa alipotoboa kopo na kutembea uwanja mzima akichora mistari ya njano kwa mkono wake mwenyewe, waliompita walimsalimia na kumsifia, hakuna aliyeshtuka. Ni kosa ambalo mtu wa Arusha au Bukoba asingeweza kulifanya, kwa kuwa huko salfa ni dawa. Kwetu ni sehemu ya hewa. Mimi nilikuwa kwenye semina Masasi.

Inasemekana uwanja ulipendeza mno. Mkuu wa wilaya alipiga picha amesimama kwenye duara la katikati. Kipa wa Makote alilalamika macho yanamwasha, akaambiwa ni visingizio. Tulishinda, na Mheshimiwa alibebwa juu juu hadi nyumbani kwake, mwavuli mkononi.

Kesho yake turubai zikatandikwa, korosho zikaanikwa, na upepo wa huku juu, ambao haupumziki, ukafanya kazi yake.

Mkaguzi wa mnunuzi alikuwa kijana wa Kitanzania, mpole, aliyekuja na glavu. Alifungua gunia la kwanza ghalani, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa. Glavu nyeupe ilikuwa na njano kwenye vidole. Akanusa, kisha akafungua gunia la pili, na la tatu.

"Mama, hii si salfa?"

Nikamwambia haiwezekani, msimu wa kupulizia ulikwisha zamani. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ghala wakati nasema hayo. Nikageuka nje kuonyesha jinsi turubai zetu zilivyo safi, na macho yangu yakaangukia kwenye boksi la penalti. Lilikuwa limefifia, lakini bado lilikuwa la njano. Kijana akafuata macho yangu, akavua glavu taratibu, kwa adabu.

Mzigo wote wa kata ulikataliwa. Korosho zile zilizochaguliwa moja moja zikaenda mnadani zikauzwa kama za daraja la pili. Mnunuzi alisema yuko tayari kurudi msimu unaofuata, lakini kwa sharti moja tu: ua na vichanja viwe vimesimama, hakuna tena habari ya uwanja wa mpira.

Mkutano uliofuata ulijaa kuliko wowote niliouona kule. Watu walikuwa na hasira na hawakujua waipeleke wapi. Walichokijua ni kwamba Ulaya imekataa korosho. Mzee mmoja akasimama akasema hawa watu wametuonea, wametafuta sababu, na Mheshimiwa alitwambia toka mwanzo. "Si alitwambia?" akauliza, na mkutano mzima ukaitikia. Wakaanza kumpigia makofi. Mwanamke mmoja akanisonya waziwazi. Uchaguzi ulikuwa karibu. Nilikuwa nimekaa meza kuu nikitazama viatu vyangu, na niliwaza kwamba mtu huyu hana hata haja ya kusema uongo, akae kimya tu, kura zote ni zake.

Mheshimiwa alichukua kipaza sauti, akangoja makofi yaishe. Yalipoisha bado aliendelea kungoja, hadi watu wakaanza kutazamana.

"Salfa niliitia mimi," akasema. "Ya mistari. Nilikosa chokaa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikatiza. Mashine ya kusaga ya ng'ambo ilisikika wazi. Mheshimiwa akaendelea kwamba sheria za watu hawa bado hazipendi, na hata akifa hatazipenda, lakini safari hii waliosema korosho chafu walisema kweli, na uchafu ulitoka mkononi kwake. Kisha akasema lililobaki kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuyasikia maneno yake mwenyewe. Uwanja hautaguswa. Ua utajengwa upande wa pili wa ghala, kwenye shamba lake lililobaki. "Leteni mashoka kesho," akasema. "Mikorosho ni yangu, wa kuulizwa ni mimi."

Mama Zuhura alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kumtazama mtu. Mheshimiwa alimwona, sote tulimwona. Akarudisha kipaza sauti mezani, na mwenyekiti akafunga mkutano bila kuomba maoni.

Walikuja na mashoka kweli. Nilitegemea labda watu wangemwambia hapana, tutatafuta pengine, lakini walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa na haki. Kwenye kura za maoni za chama chake alianguka vibaya. Aliyemshinda alifanya kampeni kwa maneno mawili tu, "Mwenye salfa," na watu waliangua kicheko kila aliposema. Mheshimiwa alikwenda kumpa mkono, akamwambia, "Umenifunga bao zuri." Watu waliendelea kumwita Mheshimiwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka jina lake jingine.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Masasi. Habari zake nilizipata kwa vipande, kutoka kwa madereva na watu wa mnada: kwamba mnunuzi alirudi, kwamba kata inauza vizuri, kwamba nyumba kadhaa zimeezekwa upya. Mara moja nilikutana na yule kocha mwalimu wa Lulindi pale Nanganga tukisubiri gari, akaniambia kombe bado linachezwa, na mistari siku hizi ni ya chokaa.

Oktoba iliyopita nilitumwa kukagua vichanja kata kwa kata. Nilifika kule alasiri. Ua ulikuwa mzuri, mianzi na waya, vichanja vimepangwa kwa mistari, korosho zinang'aa juani. Getini alikuwa amesimama mzee aliyekonda, kofia ya kitambaa kichwani.

"Simama hapo hapo," akasema. "Viatu."

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Viatu, Bibi Shamba. Halafu unawe mikono, na sabuni iko pale, usijifanye huioni."

Nikavua, nikanawa, akanikagua mikono pande zote mbili ndipo akacheka na kunipokea. Ushirika ulikuwa umemweka msimamizi wa ua, na niliambiwa baadaye kwamba alikuwa anawarudisha watu nyumbani kwa kosa la kucha chafu. Nilimtania kwamba Ulaya imepata refa. Alisema sheria bado ni za kijinga, ila akilegea yeye, kijiji kitasema analipiza kisasi.

Tulikaa kwenye benchi lake la getini. Wakulima waliingia na kutoka, kila mmoja na gunia lake, wakamsalimia kwa heshima. Nilimuuliza zake ziko kichanja kipi, na nilipomaliza kuuliza nikatamani kulimeza swali langu.

"Sina," akasema. "Ulitaka zitoke wapi? Umekalia shamba langu."

"Na Mama Zuhura?"

"Anaokota kwenye mashamba ya watu. Kibarua. Kuanzia alfajiri, mgongo umeinama, umri huu. Jioni anarudi ameshika kiuno."

"Mnaongea?"

"Anaongea. Siku hizi anaongea vizuri kabisa. Ingekuwa afadhali angeninunia."

Ng'ambo ya ghala filimbi ilipulizwa. Mheshimiwa akageuza shingo. Kupitia waya tuliwaona vijana wakikimbia, hatukuwaona vizuri, vumbi lilikuwa jingi, lakini sauti zilifika zote, kila jina lililoitwa, kila pasi iliyolaumiwa. Uso wake ulikuwa umelainika. Alikuwa anahesabu jambo fulani kwa midomo, bila sauti, labda namba za jezi.

Nilimwuliza kama anajuta. Nilitegemea mzaha, na ningeufurahia.

"Najuta," alisema, macho yake yakiwa uwanjani. "Asubuhi watu wakileta gunia zao hapa najuta. Nchana najuta. Hawa wakianza kucheza, sijuti."

"Na wakimaliza?"

"Wakimaliza wanakwenda kwao," akasema, "na mimi nakwenda kwangu, kwa Mama Zuhura."